Kalsiamu nzito, kalsiamu nyepesi: namna mkojo unavyofichua mfupa unaopungua

Mwanamke wa miaka sitini ambaye mifupa yake inamong'onyoka kwa kasi akipimwa kalsiamu ya damu, jibu kwa kawaida hurudi likiwa zuri kabisa: kati ya miligramu 8.5 na 10.5 kwa desilita. Maabara haijakosea. Moyo, misuli na mishipa ya fahamu hutegemea kalsiamu hiyo kila sekunde, kwa hiyo mwili haukubali kiwango chake kiyumbe. Kikishuka kidogo, tezi za parathairoidi hutoa homoni yao, na mfupa huchotwa mpaka hesabu ikae sawa. Droo ya duka inayofungwa kila jioni ikiwa na kiasi kilekile cha pesa haikuambii kama mwenye duka anachota akiba ya benki ili kuijaza.

Akiba yenyewe ni kubwa. Mtu mzima ana takribani kilo moja ya kalsiamu mwilini, na asilimia 99 yake imo kwenye mifupa na meno. Kila siku miligramu mia kadhaa hutoka kwenye mfupa na nyingine mia kadhaa huingia, kwa sababu seli za osteoklasti hubomoa mfupa wa zamani na seli za osteoblasti hujenga mpya. Mtu akiwa na afya, pande hizo mbili hulingana. Osteoporosisi huanza pale ubomoaji unapozidi ujenzi kidogo kila siku, kwa miaka mingi, bila maumivu.

Kipimo kinachotegemewa hospitalini ni DEXA, ambacho hutumia eksirei za nguvu mbili kupima uzito wa madini kwenye nyonga na uti wa mgongo. Matokeo hutolewa kama alama ya T, yaani umbali wa mfupa huo kutoka wastani wa kijana mwenye afya, na tangu mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani limeweka −2.5 kuwa mpaka wa osteoporosisi. Ni kipimo kizuri cha kiasi cha mfupa kilichopo. Kujua unakoelekea ni jambo jingine. Ukimpima mtu mara mbili siku moja, majibu yanaweza kupishana kwa asilimia 1 hadi 2, hivyo mabadiliko hayaaminiki mpaka yavuke kama asilimia 3 hadi 5. Anayepoteza asilimia mbili kwa mwaka itabidi asubiri karibu miaka miwili kabla mashine haijathibitisha, na muda wote huo daktari hajui kama dawa aliyoandika inafanya kazi.

Vipo pia vipimo vya damu vya mabaki ya kolajeni, kama CTX kwa ubomoaji na P1NP kwa ujenzi. Hivi hujibu haraka, lakini CTX hupanda na kushuka kwa saa za siku na kwa chakula, ndiyo maana damu yake hutolewa asubuhi kabla ya kula. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba huwezi kutoa kimoja kwenye kingine. Kila kimoja kina kizio chake, wala hakuna kinachohesabu kalsiamu yenyewe. Unajua kwamba kazi ya kubomoa imeongezeka na ya kujenga imeongezeka pia, lakini hujui ni ipi iliyoshinda.

Hapo ndipo isotopi za kalsiamu zinapoingia.

Atomi sita za jina moja

Kalsiamu yote, iwe ya maziwa, ya mchicha au ya jiwe la chokaa, ni mchanganyiko wa isotopi sita. Zote zina protoni 20. Zinatofautiana kwa idadi ya neutroni, na kwa hiyo kwa uzito. Kalsiamu-40 ndiyo asilimia 96.94. Kalsiamu-44 ni asilimia 2.086, kalsiamu-42 ni 0.647, kalsiamu-48 ni 0.187, kalsiamu-43 ni 0.135, na kalsiamu-46 ni kama 0.004 tu. Mgonjwa hanyweshwi wala hadungwi kitu chochote. Kinachopimwa ni kalsiamu ambayo tayari imo mwilini mwake, na hakuna mionzi ya kuhofia. Watu huchanganya njia hii na ile ya kumpa mtu kalsiamu iliyorutubishwa, yaani iliyoongezewa isotopi moja makusudi, ili kufuatilia ufyonzaji wa utumbo. Zinatofautiana, na zaidi ya hapo zinagongana: mtu aliyewahi kunywa kalsiamu-42 au 44 kwa ajili ya utafiti wa namna hiyo hafai kupimwa kwa njia hii, kwa sababu uwiano wake wa asili umekwisha vurugwa.

Kikemia isotopi hizi zinafanana karibu kabisa. Neno "karibu" ndilo linalobeba mzigo. Mfupa unapojengwa, atomi nyepesi hukamatwa kwenye madini kwa urahisi zaidi kidogo kuliko nzito, matokeo yake mfupa huwa mwepesi kuliko damu iliyoujenga. Joseph Skulan na Donald DePaolo walilichapisha hili mwaka 1999 baada ya kupima tishu za wanyama: mifupa ilikuwa nyepesi kuliko tishu laini kwa takribani 1.3 kwa elfu kwenye uwiano wa 44 kwa 40. Ubomoaji hauchagui. Osteoklasti humwaga asidi, madini yanayeyuka yote kwa pamoja, na kalsiamu inarudi kwenye damu na wepesi wake uleule.

Ukiyaunganisha hayo mawili umepata msingi wa njia nzima. Mfupa ukijengwa kuliko unavyobomolewa, atomi nyepesi huondolewa kwenye damu na damu hubaki nzito. Ukibomolewa kuliko unavyojengwa, kalsiamu nyepesi iliyowekwa miaka mingi iliyopita hufurika kwenye damu, na damu huwa nyepesi. Pande zote mbili zikiongezeka kwa kiasi sawa, uwiano haubadiliki. Hilo la mwisho ndilo CTX na P1NP haviwezi kukuonyesha.

Ukubwa wa dalili yenyewe

Matokeo huandikwa kwa herufi ya Kigiriki delta. Unachukua uwiano wa sampuli, unaugawanya kwa uwiano wa kiwango rejea (kalsiamu ya pamoja ambayo maabara hulinganisha nayo), unatoa moja, unazidisha kwa elfu. Katika kalsiamu ya kawaida, kwa kila atomi moja ya 42 kuna takribani 3.224 za 44. Mabadiliko ya 0.1 kwa elfu yanaipeleka namba hiyo kwenye 3.2237. Tarakimu ya nne baada ya nukta ndiyo inayobeba habari.

Tufanye hesabu rahisi, kwa uwiano wa 44 kwa 42, ambako pengo la mfupa na damu linakuwa kama nusu ya lile la 44 kwa 40, tuseme 0.6 kwa elfu. Utumbo unaingiza miligramu 200 kwa siku, ujenzi unachukua 300, ubomoaji unatoa 350. Mfupa unapoteza miligramu 50 kwa siku, yaani kama gramu 18 kwa mwaka, karibu asilimia 1.8 ya kilo moja. Ukisawazisha yanayoingia na yanayotoka, damu inakuwa nyepesi kwa takribani 0.055 kwa elfu tu. Ubomoaji ukipanda hadi 450, kwa hasara ya miligramu 150 kwa siku kama inavyotokea kwa mtu aliyelazwa kitandani muda wote, damu inashuka kwa karibu 0.14 kwa elfu.

Namba hizo mbili zinasema mengi. Hasara ya haraka inaonekana vizuri. Hasara ya polepole, ile ya kawaida baada ya kukoma hedhi, iko pembezoni mwa kile ambacho maabara nzuri inaweza kutofautisha kwa sampuli moja. Kwa maoni yetu, anayeahidi kubaini kila osteoporosisi kwa kikombe kimoja cha mkojo anapunguza ugumu wa jambo hili. Nguvu ya njia hii iko kwenye kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe: sampuli kadhaa kabla ya dawa, sampuli kadhaa baada yake.

Kasi yake ndiyo sifa yake kuu. Kalsiamu inayozunguka kwenye damu na majimaji ya mwili ni gramu chache tu, nayo hubadilishwa yote ndani ya siku chache. Ndiyo maana mabadiliko ya mfupa hayahitaji miezi kufika kwenye damu.

Waliolala kitandani kwa ajili ya anga

Wanaanga hupoteza takribani asilimia 1 hadi 1.5 ya madini ya nyonga kila mwezi wakiwa angani, kwa hiyo NASA ina sababu ya kutaka kipimo cha haraka. Hapa duniani hali hiyo huigwa kwa kumlaza mtu kitandani, kichwa kikiwa chini kidogo kuliko miguu, wiki kwa wiki, bila kuruhusiwa kusimama.

Mwaka 2007 Skulan na wenzake walichapisha vipimo vya mkojo uliohifadhiwa kutoka jaribio la wiki 17. Baadhi ya washiriki walikuwa wametumia alendroneti, dawa inayozuia osteoklasti, wengine walifanya mazoezi ya kusukuma uzito, na wengine hawakupewa kitu. Isotopi za mkojo ziliyatenganisha makundi kwa mwelekeo uliotarajiwa. Kisha mwaka 2012 timu ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona pamoja na NASA, akiwemo Jennifer Morgan na Ariel Anbar, ilichapisha jaribio la siku 30 kwa watu 12 wenye afya. Mkojo wao ulianza kuonyesha kalsiamu nyepesi baada ya kama wiki moja. DEXA kwa muda huo isingeona lolote.

Kuna jambo ambalo wasomaji wa habari hizi huliruka: washiriki wale walikula chakula kilichopimwa na kupangwa siku zote. Chakula kina isotopi zake. Maziwa ni mepesi kuliko damu ya ng'ombe aliyeyatoa, mboga za majani zina uwiano wake, na dagaa anayeliwa mzima na miiba yake huleta kalsiamu ya mfupa, yaani nyepesi. Mgonjwa akianza kunywa maziwa nusu lita kila siku kwa sababu daktari amemshauri, na siku hiyohiyo akaanza dawa, damu yake itasogea kwa sababu mbili kwa pamoja na hakuna mashine itakayozitenganisha. Mshauri abadilishe chakula kwanza, asubiri wiki kadhaa, achukue sampuli za msingi, ndipo dawa ianze. Vidonge vya kalsiamu navyo ni vilevile: aina ibaki ileile, kwa sababu chokaa ya mwamba na kalsiamu ya magamba ya chaza hazina lazima kufanana.

Figo, mtego mkubwa

Mkojo ni rahisi kukusanya na haumchomi mtu sindano. Bahati mbaya, kati ya damu na mkojo kuna figo, na figo nazo huchagua. Huchuja takribani gramu 10 za kalsiamu kwa siku na kurudisha kama asilimia 98. Katika kurudisha, hupendelea atomi nyepesi, hivyo kinachoponyoka kwenda kwenye mkojo ni kizito kuliko damu kwa takribani 1 kwa elfu kwenye 44 kwa 42.

Sasa tuseme figo zinarudisha asilimia 99 badala ya 98. Kalsiamu ya mkojo inapungua nusu, na iliyobaki inazidi kuwa nzito. Kwa hesabu ya Rayleigh, ile inayokadiria jinsi mabaki yanavyozidi kuwa mazito kadiri nyepesi zinavyoondolewa, tofauti na damu inapanda kutoka 1.00 hadi karibu 1.18. Hiyo ni 0.18 kwa elfu, kubwa kuliko dalili yote ya mtu aliyelala kitandani tuliyoihesabu hapo juu, na mfupa wake haujasogea hata kidogo.

Hili si jambo la kinadharia tu. Haidroklorothiazaidi, dawa ya shinikizo la damu inayotumiwa na watu wengi Afrika Mashariki, hufanya hivyohivyo: huongeza urudishaji wa kalsiamu kwenye figo. Mgonjwa aliyeanzishiwa dawa hiyo katikati ya ufuatiliaji ataonekana kwenye mkojo kana kwamba anajenga mfupa. Chumvi nyingi husukuma upande wa pili, kwani sodiamu inayotolewa hubeba kalsiamu pamoja nayo. Figo zilizochoka huvuruga zaidi. Kwa hiyo mkojo usipimwe isotopi peke yake. Angalau ipimwe kalsiamu ya mkojo wa saa 24, na inapowezekana damu ichukuliwe siku hiyohiyo. Damu na mkojo vikisogea pamoja, mfupa ndio unaozungumza. Mkojo ukisogea na damu ikatulia, chunguza figo na orodha ya dawa.

Mama anayenyonyesha ni kesi ngumu kuliko zote. Kila siku anatoa miligramu 200 au zaidi za kalsiamu nyepesi kwenye maziwa, jambo linaloifanya damu yake iwe nzito. Wakati huohuo mifupa yake huchotwa, jambo linaloifanya iwe nyepesi. Ishara mbili zinakinzana, na namba moja ya delta haiwezi kuzitenganisha.

Kutoka kikombe hadi namba

Kiasi kinachohitajika ni kidogo. Mililita moja ya mkojo huwa na mikrogramu 100 au zaidi za kalsiamu, na mililita moja ya seramu karibu 90 hadi 100. Mashine inaridhika na makumi ya mikrogramu. Makosa mengi hutokea kabla sampuli haijafika kwenye mashine.

Mkojo ukipoa, fosfeti na oksaleti za kalsiamu hujitenga na kutulia chini ya chupa kama ungaunga. Ukimimina maji ya juu na kuacha ule unga, umeacha sehemu ya kalsiamu, na sehemu hiyo haina uwiano sawa na iliyobaki kwenye maji. Asidi ya haidrokloriki iongezwe mapema, chupa itikiswe vizuri, ndipo kiasi kichukuliwe. Kwa damu, epuka sindano za vipimo vya gesi zenye hepari (dawa ya kuzuia damu kuganda) iliyosawazishwa kwa kalsiamu, kwa sababu zinaongeza kalsiamu ya kiwandani moja kwa moja. Tyubu ya kawaida ya seramu inatosha. Glavu zenye poda zisikaribie meza: baadhi ya poda hizo zina kalsiamu kaboneti.

Maabarani, sampuli huwekwa kwenye kikombe cha Teflon pamoja na asidi ya nitriki na haidrojeni peroksaidi, ikakaushwa kwenye bamba la moto, na zoezi likarudiwa mpaka mabaki yawe meupe. Rangi ya kahawia ina maana mata ogania bado ipo, nayo itaziba resini, zile punje ndogo zinazotenganisha elementi. Mabaki huyeyushwa tena kwenye asidi na kupitishwa kwenye safu ya resini inayotenganisha kalsiamu na sodiamu, potasiamu, magnesiamu, fosforasi na hasa strontiamu.

Hapa ndipo mafundi wapya hujikwaa. Safu yenyewe hutenganisha isotopi: tone la kwanza la kalsiamu kutoka halina uwiano sawa na tone la mwisho. Ukikusanya asilimia 95 ukatupa tano, umetengeneza dalili ya ugonjwa ambayo mgonjwa hana. Kinachotakiwa ni kukusanya karibu yote, na kupima kidogo cha kabla na cha baada ya dirisha la ukusanyaji ili kuthibitisha kwamba hakuna kilichovuja. Pia iendeshwe sampuli tupu, isiyo na mkojo, ili kujua kalsiamu ya asidi na vyombo vyenyewe.

Kisha spektromita ya tungamo, mashine inayotenganisha atomi kwa uzito wake. Ile inayotumia plazma ya argoni, yaani gesi yenye joto kali, hupima haraka, lakini argoni-40 ina uzito uleule wa kalsiamu-40 na huifunika kabisa, ndiyo maana mashine hizo huripoti 44 kwa 42. Spektromita ya uayonishaji wa joto haina argoni, hivyo inaweza kutumia 40. Inahitaji saa nyingi kwa kila sampuli, na sampuli huchanganyiwa isotopi mbili za kiasi kinachojulikana, kwa mfano 42 na 43, ili kurekebisha upotoshaji wa mashine.

Kwenye plazma, strontiamu iliyoponyoka safu ni adui. Atomi ya strontiamu-88 ikipoteza elektroni mbili badala ya moja, mashine huiona kwenye nafasi ya 44, kwa kuwa 88 gawanya kwa 2 ni 44. Sampuli huonekana nzito kwa uongo. Fundi makini hutazama nafasi ya 43.5, mahali ambapo hakuna kalsiamu na ni strontiamu-87 pekee inayoweza kutua, na kutokana nayo hupata kiasi cha kutoa. Mgonjwa anayetumia strontiamu raneleti, ambayo ni dawa ya mifupa, ana strontiamu nyingi kiasi kwamba safu moja haitoshi. Ipitishwe mara mbili. Kati ya kila sampuli mbili hupimwa kiwango rejea, kwa sababu mashine huyumba saa hadi saa.

Imefika wapi kwa wagonjwa

Saratani ya uboho iitwayo mailoma nyingi hula mfupa kwa kasi, na kwa hiyo dalili yake ni kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 na timu ya Arizona pamoja na madaktari wa Mayo Clinic uliona kwamba isotopi za kalsiamu zinaweza kusaidia kutambua wagonjwa ambao ugonjwa wao unaendelea. Nadhani hapa ndipo njia hii ina nafasi nzuri kuliko kwingine: hasara ni ya haraka, uamuzi ni wa haraka, na mgonjwa tayari hutolewa damu mara kwa mara. Kiel, Ujerumani, Anton Eisenhauer na wenzake walipima damu na mkojo wa wanawake 80 waliokwisha koma hedhi na kuchapisha mwaka 2019 kwamba isotopi ziliwatofautisha wenye osteoporosisi na wasio nayo. Kwa mtu mmoja mmoja, hata hivyo, jibu zito halifuti DEXA yenye alama ya −3: aliyepoteza mfupa miaka kumi iliyopita na sasa ametulia atakuwa na mizania nzuri na nyonga inayoweza kuvunjika kesho.

Ukipokea karatasi ya majibu, tafuta vitu viwili kabla ya namba yenyewe. Kwanza, ni uwiano gani. Delta ya 44 kwa 40 ni takribani mara 2.05 ya delta ya 44 kwa 42, hivyo −0.8 kutoka maabara moja na −1.6 kutoka nyingine inaweza kuwa damu ileile. Pili, kiwango rejea. Maabara nyingi huandika kwa SRM 915a ya taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, lakini akiba yake ilikwisha na nyingine hutumia 915b, ambayo ni nzito kuliko ya kwanza kwa takribani 0.7 kwa elfu kwenye 44 kwa 40. Majibu ya Januari yaliyoandikwa kwa 915a yakilinganishwa na ya Juni yaliyoandikwa kwa 915b, bila kubadilishwa, yataonyesha mfupa unaoporomoka kwa kasi ambayo hata mtu aliyelazwa kitandani miezi mitatu hawezi kuifikia.